Mnada na Soko: Ndururu ya 1936 na Historia ya Majina ya Sarafu

Utangulizi

Katika Soko la Kenyatta, lililoko magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mnunuzi huitwa kabla hajauliza. Mchoma nyama humwita kutoka mlangoni pa kibanda chake. Msusi wa nywele humwita kutoka upande wa pili. Na kila mmoja hutangaza ubora wa alicho nacho. Wito wa namna hiyo ndio asili ya neno mnada. Kitenzi chake ni kunadi, chenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita kwa sauti. Anayenadi kitu hukitangaza mbele ya watu ili thamani yake ijulikane hadharani. Kwa hiyo mnada wa dalali na wito wa sokoni ni ndugu wa nasaba moja, ijapokuwa leo mmoja hufanyika katika kumbi za kifahari na mwingine kando ya makaa.

Makala haya yanakusudia kuwalinganisha ndugu hawa wawili kwa njia ya kitu wanachokishiriki, yaani sarafu. Hoja yake ni kwamba mnada huhifadhi sarafu lakini hupoteza jina ambalo watumiaji waliipa. Soko nalo hupoteza sarafu lakini aghalabu hulihifadhi jina hilo. Mwanahistoria wa lugha anayetazama orodha za minada peke yake atapata nusu ya habari. Nusu ya pili imo vinywani mwa watu, nayo inapungua kila mwaka.

Mnada wa Kairo, 1954

Wakusanyaji wa sarafu hupenda kuulizana ni mnada upi wa zamani ambao wangetamani kuuhudhuria. Mmojawapo wa minada inayotajwa mara nyingi ulifanyika katika bara la Afrika: ni ule wa Kairo, wa mwezi wa Februari na Machi 1954. Mfalme Farouk wa Misri alirithi kiti mwaka 1936 akiwa kijana wa miaka 16. Alikusanya saa, vito, stampu na sarafu kwa uchu usiokuwa na kipimo. Baada ya mapinduzi ya Julai 1952 aliondoka nchini, na mali yake ikawa mikononi mwa serikali mpya. Serikali hiyo iliipa kampuni ya Sotheby ya London kazi ya kuiuza katika Kasri la Koubbeh. Sarafu na nishani za dhahabu peke yake zilikuwa zipatazo 8,500.

Wingi huo ndio uliouletea mnada sifa yake. Sarafu zilifungwa katika mafungu makubwa, adimu na za kawaida pamoja, hata mnunuzi mwenye ujuzi aliweza kupata kwa bei ndogo kitu ambacho kingempita mbali kama kingenadiwa peke yake. Mmarekani mmoja, John Jay Pittman, aliiweka rehani nyumba yake ili apate nauli na fedha za kununulia. Miaka mingi baadaye, baada ya kifo chake, sarafu alizozikusanya ziliuzwa kwa mamilioni ya dola. Kwa wakusanyaji waliozaliwa baadaye, Kairo ya 1954 ni kama mavuno ya shamba ambalo mwenyewe hakujua alichokipanda.

Fungu nambari 185 ndilo lililoleta kisa kikubwa. Humo mlikuwa na sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20, ya mwaka 1933. Sarafu 445,500 za aina hiyo zilipigwa mwaka huo, lakini kwa kuwa serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa imeiondoa dhahabu katika matumizi ya kila siku, hazikutolewa kwa umma, na takriban zote zikayeyushwa. Serikali ya Marekani iliomba sarafu hiyo isiuzwe. Ikaondolewa mnadani, kisha isijulikane ilikokwenda. Mwaka 1996 moja ya namna hiyo, ambayo huaminiwa kuwa ndiyo ile ya Farouk, ilikamatwa New York. Baada ya shauri kumalizika iliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa takriban dola milioni 18.9.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni lile ambalo mnada hulichukua kuwa ndilo jina la sarafu. Orodha ya dalali hutaja mtawala, mwaka, madini, kiwanda na hali ya sarafu. Haitaji ni nani aliyeishika, alinunulia nini, wala aliitaje. Haina haja ya kufanya hivyo, kwani sarafu inayopendwa mnadani ni ile isiyoguswa. Sarafu ya dola 20 ya 1933 imekuwa na thamani kubwa kwa sababu haikupata kununua mkate.

Mfalme asiyetawazwa na sarafu yenye tundu

Mwaka uleule ambao Farouk alirithi kiti chake, mfalme mwingine alikuwa akielekea kukiacha chake. Edward wa Nane alianza kutawala Uingereza Januari 20, 1936, akajiuzulu Desemba 11 mwaka huohuo, kabla ya siku ya kutawazwa iliyokuwa imepangwa Mei 1937. Matayarisho ya sarafu zake yalikuwa yamechelewa. Desturi ya Waingereza ilitaka kila mfalme aelekeze uso wake upande uliokuwa kinyume cha mtangulizi wake. Edward alishikilia kwamba atazame kushoto, kama baba yake alivyotazama. Alipojiuzulu, zilizokuwapo zenye sura yake zilikuwa za majaribio tu, chache mno, zenye tarehe ya 1937. Leo hizo ni miongoni mwa sarafu za Kiingereza zinazosakwa zaidi. Mwaka 2020 moja ya dhahabu ya pauni 1 ilinunuliwa kwa pauni milioni 1, na mwaka 2021 moja ya pauni 5 iliuzwa mnadani huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Lakini katika Afrika ya Mashariki mambo yalikuwa mengine. Halmashauri ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London, ilikuwa ikitoa sarafu za shaba za senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati. Penye tundu hapawezi kuwekwa kichwa cha mfalme. Palihitajiwa jina lake tu. Kwa hiyo sarafu za 1936 zenye jina la Edward kwa Kilatini, thamani kwa Kiingereza, na pembe za ndovu kuzunguka tundu, zilipigwa kwa wingi na kuletwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba jina ambalo Mwingereza hakulipata katika sarafu ya mfuko wake lilifika Nairobi na kununua chumvi na kiberiti.

Sarafu hizo ziliendelea kutumika pamoja na zile za George wa Tano na wa Sita. Wakati Farouk aliponadiwa mali yake Kairo, Nairobi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Aprili 1953 na kufungwa Lokitaung. Aprili 24, 1954, majuma machache tu baada ya mnada ule, jeshi liliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwakamata maelfu ya watu. Katika mifuko ya mji uliokuwa katika hali hiyo mlikuwamo senti za mfalme ambaye hata wenyewe wa kwao hawakupata kumwona katika fedha yao. Leo sarafu hizo si adimu kwa mkusanyaji, naye hazilipii bei kubwa. Zilitumika mno kuwa adimu. Na kwa sababu hiyohiyo zina historia ya lugha ambayo sarafu ya milioni haina.

Ndururu, peni na thumuni

Hakuna ushahidi kwamba wauzaji wa Afrika ya Mashariki walizitofautisha senti za Edward na za George. Jina lililoandikwa halikuwahusu. Waliipa sarafu jina kwa kazi yake. Ile ya senti 5 ilijulikana nchini Kenya kwa jina la ndururu, na neno hilo lilienea miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili na wa Kikuyu vilevile. Ya senti 10 iliitwa peni. Ya senti 50 iliitwa thumuni, au sumuni kwa matamshi ya wengi wa bara. Kila moja ya majina haya ina njia yake.

Peni ni rahisi kufuatwa. Peni ya Kiingereza ilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya shilingi. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iligawanywa katika senti 100, na hivyo peni halisi ingekuwa senti nane na zaidi kidogo. Hapakuwa na sarafu ya thamani hiyo. Iliyokuwa karibu zaidi ni ya senti 10. Jina likahamia kwa jirani.

Thumuni inahitaji hesabu ndefu zaidi, na hesabu hiyo ni historia ya biashara ya pwani kwa ufupi. Kwa Kiarabu neno hili lina maana ya sehemu moja ya nane. Nane ya nini? Si ya shilingi, kwa kuwa senti 50 ni nusu ya shilingi. Ni ya reale, ile dola ya fedha iliyotawala biashara ya Zanzibar na Mombasa katika karne ya kumi na tisa, hasa yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Reale moja ilikadiriwa kuwa rupia mbili na kidogo. Mwaka 1920 rupia ilibadilishwa na florini iliyokuwa sawa na shilingi 2 za Kiingereza, na mara mwaka 1921 florini nayo ikaacha nafasi kwa shilingi. Basi reale ya zamani ilikuwa takriban shilingi 4, yaani senti 400. Na thumuni yake ni senti 50. Kwa neno moja tu, mchuuzi wa Nairobi aliyedai sumuni alikuwa akigawanya kwa nane dola ambayo hakuiona, iliyokuwa na sura ya malkia wa nchi asiyoijua, iliyofutwa na rupia, iliyofutwa na florini, iliyofutwa na shilingi.

Orodha ya mnada haiwezi kueleza hayo. Itaandika: Afrika ya Mashariki, senti 50, George wa Tano, fedha, simba mbele ya milima. Yote ni kweli. Lakini reale iliyomo ndani ya sarafu ile haionekani kwa macho. Husikika tu inapotajwa.

Pesa na hela

Majina mengine yalisafiri mbali zaidi, yakaacha kuwa majina ya sarafu moja na kuwa jina la fedha zote. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba yenye asili ya Kihindi, 64 kwa rupia. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa zake zenye mizani na mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilitoa zake za Mombasa mwaka 1888, nazo zina mizani. Kampuni ya Kijerumani ilitoa zake kuanzia 1890, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Watawala watatu waliokuwa wakishindania pwani moja walikubaliana katika jambo moja tu, nalo ni jina ambalo wenyeji walikwisha kulizoea.

Hela nayo ni heller ya Kijerumani, iliyoanza kutumika wakati serikali ya Kijerumani ilipoigawa rupia yake katika sehemu 100 badala ya 64. Wajerumani waliondoka katika Vita Kuu ya Kwanza. Sarafu yao ya mwisho iliyo mashuhuri, ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ni kipenzi cha minada hata leo. Heller ya shaba haina heshima hiyo mbele ya dalali. Hata hivyo ndiyo iliyoshinda: kila siku mamilioni ya Watanzania hutaja hela, na hakuna anayeitaja ile ya ndovu.

Yafaa hapa kusikiliza hoja ya upande wa pili. Wakusanyaji wameokoa mengi ambayo soko lingeyayeyusha. Reale za dhahabu za Barghash na senti za Zanzibar za 1908 zenye mnazi zisingalijulikana leo kama hazikuwekwa makabatini. Na maandishi yaliyomo katika sarafu ni matini ambayo kumbukumbu ya watu haiwezi kuyahifadhi neno kwa neno. Hoja hii ni ya haki. Lakini hata matini hayo hutegemea mahali yalipopatikana. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani wa kale na maandishi yenye vina kati ya uso na mgongo. Kwa kuwa zilikaa pamoja, wataalamu waliweza kuzisoma pamoja, jina hili kwa jina lile. Zingalipitia njia ya Kairo, zikafungwa mafungu na kutawanywa kwa wanunuzi wa nchi kumi, kila moja ingalibaki kitu kizuri chenye neno moja moja.

Jina juu ya sarafu, jina juu ya soko

Kenya huru ilitoa sarafu zake mwaka 1966, zenye sura ya Kenyatta, yule aliyekuwa Lokitaung wakati wa mnada wa Farouk. Tanzania ilitoa zake mwaka uleule. Tofauti kati ya nchi hizi mbili yastahili kuangaliwa na wanalugha: sarafu ya Tanzania iliandikwa shilingi moja, senti hamsini, senti ishirini, kwa Kiswahili, ya Kenya iliandikwa kwa Kiingereza. Tundu la katikati liliondoka, na senti 5 na 10 za Kenya zikawa nzima. Majina ndururu na peni yalihamia katika sarafu hizo mpya bila kuulizwa, kama wapangaji wanaobaki nyumbani hali mwenye nyumba amebadilika.

Sura juu ya sarafu haikudumu vivyo hivyo. Tangu 1980 ilikuwa ya Daniel arap Moi. Mwaka 2003 Mwai Kibaki alionekana katika sarafu ya shilingi 40 ya kukumbuka miaka 40 ya uhuru, na mwaka 2005 Kenyatta akarudishwa. Kisha Katiba ya 2010 ikakataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote. Desemba 11, 2018, tarehe ileile ambayo Edward aliacha kiti miaka 82 kabla yake, zilizinduliwa sarafu zenye wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Tangu hapo jina la Kenyatta halipigwi tena katika sarafu mpya. Limebaki juu ya soko.

Katika soko hilo bei hutajwa kwa majina yasiyopata kuandikwa katika fedha yoyote. Kumi ni ashuu, ishirini ni mbao, hamsini ni finje, mia ni soo. Wapo wanaoyadharau majina haya kwa kuwa ni ya Sheng. Hawana budi kukumbuka kwamba pesa, hela na peni nazo ziliingia kwa mlango huohuo, na kwamba hapakuwa na baraza lililoidhinisha ndururu.

Hitimisho

Tatizo ni kwamba jina huishi muda mrefu kuliko sarafu, lakini haliishi milele. Senti zimetoweka katika biashara ya kila siku kwa sababu ya kupanda kwa bei, na majina yake yamo njiani kuzifuata. Ndururu imekuwa sehemu ya usemi tu: asiyekuwa na kitu husema hana hata ndururu, na kijana anayesema hivyo huenda asijue ni senti ngapi. Waliopata kununua kitu kwa sarafu yenye tundu walikuwa watoto kabla ya mwaka 1966 au muda mfupi baadaye. Leo ni wazee. Kila mmoja wao ana orodha kichwani ambayo dalali hakuiandika: jina la kila sarafu katika mtaa wake, lilivyotamkwa, kilichonunuliwa nayo, na misemo iliyotokana nayo.

Kazi ya idara za lugha ni kuiandika orodha hiyo, mji kwa mji, kabla haijafungwa. Haihitaji rehani ya nyumba kama safari ya Pittman. Yahitaji daftari, subira, na kukaa na wazee. Mnada wa Kairo umekwisha na hakuna anayeweza kuuhudhuria tena. Huu wa pili bado unaendelea. Katika Soko la Kenyatta, mteja akimaliza kula nyama humlipa mwenye kibanda kwa simu, kwa njia ya M-Pesa iliyoanzishwa mwaka 2007, wala sarafu haipiti kati yao. Kinachopita ni jina la kipande cha shaba cha Barghash, nalo hutamkwa pale mara nyingi kwa siku bila mtu kulinadi.